Kokoto za Bosi

Kwa miezi miwili juu ya kabati letu la jikoni zilikaa chupa mbili za kioo za ukubwa mmoja, zisizo na vifuniko. Moja ilikuwa ya siku njema, nyingine ya siku mbaya. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, nilichukua kokoto moja kutoka kwenye kopo nikaitumbukiza katika chupa iliyostahili. Daktari wa Bosi ndiye aliyenishauri. Alisema macho yangu yatanidanganya kwa sababu yanampenda, lakini kokoto hazimpendi mtu, zitasema kweli. Hapo alikosea, ila kosa lenyewe nililigundua mambo yote yakiwa yamekwisha.

Bosi alikuwa mbwa wetu. Jina alijitafutia mwenyewe. Usiku wa kwanza alipoletwa nyumbani, akiwa na umri wa wiki nane, alilitazama sanduku tulilomtandikia blanketi, akalipita, akajikokota hadi juu ya kiti cha mume wangu, kile kifupi, akalala. Mume wangu akakaa sakafuni. "Basi huyu ndiye bosi," akasema, na jina likaganda.

Alipotimiza miaka 14 alikuwa mzee kwelikweli. Tembo huishi kuliko panya, na katika maumbile kwa jumla mnyama mkubwa ndiye mwenye umri mrefu, lakini mbwa kwa mbwa mambo hugeuka: kibwa cha kubebwa mkononi chaweza kufika miaka 15 au 16, ilhali jibwa la kilo 60 mara nyingi halifiki 10. Bosi enzi zake alikuwa na kilo 27. Kwa hiyo 14 ilikuwa nyongeza, nami nilijua, lakini usiku nilikuwa nikisoma habari za mbwa walioishi kupita kiasi, kama mdaiwa anayesoma habari za watu walioshinda bahati nasibu. Nilimsoma Bobi wa Ureno, aliyetangazwa mwaka 2023 kuwa ametimiza miaka 30 na ushei, kisha mwaka uliofuata akavuliwa rekodi kwa kukosekana ushahidi wa tarehe aliyozaliwa. Nilimsoma Bluey wa Australia, aliyekufa mwaka 1939 akiwa na miaka 29 na miezi mitano. Sikuwa na haja ya miaka 29. Nilitaka tu kuona kwamba mlango haujafungwa kabisa.

Zilianza kuharibika nyonga. Akawa anasimama mbele ya kiti cha mume wangu, anakitazama, anainua mguu mmoja, anaushusha. Mganga wa wanyama wa kwanza tuliyempelekea hakumgusa hata miguu ya nyuma. Alisema, "Ni uzee tu." Nikaondoka nimeridhika, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliridhika. Uzee haumtoneshi mtu mguu wala mbwa. Kinachotonesha ni gegedu zilizolika mpaka mfupa unasuguana na mfupa, na hilo lina dawa. Miezi saba Bosi alitembea na maumivu yaliyokuwa na tiba, kwa sababu neno "uzee" lilitufunga midomo sote wawili, mimi na mganga.

Ni lazima niseme jambo hapa, maana laiti mtu angeniambia mapema. Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii. Anayelia ni aliyekanyagwa mkia. Mwenye maumivu ya kila siku hubadilika polepole: anahema akiwa amelala tu, kivulini, hakuna joto, anazunguka chumba usiku kama aliyepoteza kitu, analamba kiungo kimoja mpaka manyoya yanabadilika rangi, anasitasita kabla ya kukaa, anaanza kujitenga, au kinyume chake, anakuwa king'ang'anizi asiyetaka umwache hata kwenda chooni. Anaweza kuwa na haya yote na bado akala. Anaweza kuwa nayo na bado akatikisa mkia, maana mkia ni salamu, si cheti cha daktari. Na tafadhali usimpe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofeni, ambayo wewe unaimeza kwa kikombe cha maji ukasahau, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo.

Daktari wa pili alimpa dawa ya mbwa hasa ya kupunguza uvimbe wa viungo, na ndani ya wiki moja Bosi alirudi kwenye kiti. Tulipata mwaka mzima hivyo. Mwaka mzuri. Sina mengi ya kuusema, siku njema hazina hadithi.

Kisha akaanza kunywa maji. Bakuli lililokuwa likitosha kutwa likawa linaisha kabla ya saa nne asubuhi, na usiku akawa ananiamsha mara mbili, mara tatu, nimfungulie mlango akojoe. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9 na ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya bakuli, alifurahi sana kwa sababu kazi yake ilikuwa imepata umuhimu. Mimi nilidhani ni joto. Kumbe figo zilikuwa zimeshindwa kubana mkojo, maji yanapita tu kama kwenye chujio lililotoboka. Figo zina uvumilivu wa ajabu, na uvumilivu huo ndio msiba wake: kreatinini katika damu, kipimo kilichozoeleka, haipandi mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo iwe imekwenda. Siku unayopewa habari, habari ni ya zamani.

Na hapo tukaingia kwenye njia panda ambayo wenye mbwa wazee wengi wanaijua. Dawa iliyomtuliza nyonga ilikuwa ya aina inayozielemea figo. Tukiiendeleza, figo zinakwisha upesi. Tukiiacha, miguu inarudi kule ilikotoka. Daktari aliibadilisha, akaweka nyingine iliyo laini zaidi, ambayo ilimfanya Bosi atembee kama mlevi saa mbili za kwanza kisha ikamsaidia kiasi. Akanifundisha pia kumtia maji ya dripu nyumbani, chini ya ngozi, kati ya mabega. Unavuta ngozi ikae kama hema, unaingiza sindano chini yake, unafungua mpira. Maji yanajaa pale, mbwa anaota nundu kama ngamia, halafu kwa saa kadhaa nundu inateremka taratibu kuelekea mguu wa mbele mpaka inanywewa na mwili. Mara ya kwanza nilitetemeka mikono. Mara ya ishirini nilikuwa nikifanya huku nazungumza na simu. Binadamu huzoea kila kitu, na hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza.

Watu wakisikia una mbwa mgonjwa mzee watakuambia jambo moja, wote, kama waliofundishwa darasa moja: siku ikifika utaijua, atakuambia mwenyewe. Niliishi miezi nikingoja kuambiwa. Nilimwangalia Bosi machoni kama mtu anayesoma barua ya lugha ya kigeni. Naye alinitazama kwa yale macho yake ya siku zote, macho yanayouliza kama kuna chochote mkononi mwangu. Mbwa hajui kwamba kuna kufa kwa kupangiwa. Hawezi kuomba jambo asilojua kama lipo. Ninaposema nilikuwa nangoja aniambie, kwa kweli nilikuwa namtwika mbwa mgonjwa mzigo ambao mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, niliogopa kuubeba.

Daktari alipoona ninazunguka, alinipa kipimo. Kilitungwa na daktari wa wanyama wa Marekani, bingwa wa saratani, Alice Villalobos, mwaka 2004, na kina mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo unalipa alama kati ya 0 na 10. Jumla ikizidi 35, maisha ya mnyama bado yanabebeka. Ndiyo pia siku aliyonipa wazo la chupa na kokoto, kwa ajili ya lile jambo la saba. Nikaambiwa niandike na daftari: ametapika au la, amekula nini, ameanguka mara ngapi, na mwisho wa mstari neno moja, njema au mbaya.

Nilikuwa mwanafunzi hodari. Mara ya kwanza nilipata 46. Baada ya mwezi, 43. Kisha 41. Nilimwonyesha mume wangu kwa fahari, kama mzazi mwenye ripoti ya shule. Zile chupa nazo zilikubaliana nami. Ya siku njema ilikuwa daima imeizidi nyingine kwa kidole kimoja au viwili. Nakumbuka asubuhi kadhaa nilikuta kigoda kimesogezwa karibu na kabati, nikakirudisha mahali pake bila kuwaza.

Mume wangu hakuwa na imani na alama. Yeye msimamo wake ulikuwa mmoja: mwache afe kwa siku yake. Mbwa wa baba yake walikufa hivyo, anasema, walijitenga chini ya mti, asubuhi unawakuta. Sikuweza kumjibu upesi, kwa sababu kuna heshima fulani katika maneno hayo. Nilimpelekea daktari swali lile kama lilivyo. Daktari akasema: "Mama, mwambie baba kwamba figo zikifa mbwa halali tu chini ya mti. Sumu inajaa katika damu. Mdomo unatoka vidonda, anatapika hata maji, wengine wanapata degedege, na mambo hayo huchukua siku." Halafu akaongeza jambo ambalo sikumpelekea mume wangu kwa wiki nzima: "Na siku yake unayosema ilishapita. Ninyi mmekuwa mkiisukuma mbele kwa sindano."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo nikiwa nimeshika mpira wa dripu. Kama kumtia maji haikuwa kuingilia mambo ya Mungu, kwa nini kuacha kumtia iwe?

Jirani mmoja alinirahisishia kwa njia yake. "Ni mbwa tu," akasema, na hakuwa na ubaya, alidhani ananifariji. Lakini tangu hapo nimekuwa nikilikumbuka kaburi moja. Mwaka 1914, wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn nchini Ujerumani, walifukua mifupa ya mwanamume na mwanamke, na mbwa pamoja nao. Kaburi lina umri wa miaka 14,000 hivi. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa yule wameona alama za homa kali aliyougua akiwa mdogo, homa ambayo kwa kawaida huua, na wanaamini kwamba asingeishi wiki alizoishi baada ya hapo kama hangekuwapo mtu wa kumlisha, kumnywesha na kumsafisha. Mbwa wa miezi saba, asiyeweza kuwinda wala kulinda. Mtu fulani, kabla hakujawa na kilimo, aliamka usiku kwa ajili ya mbwa. Sikujisikia mjinga tena. Ila jambo nililotaka hasa kulijua kaburi halisemi. Mifupa haionyeshi nani aliamua.

Kisha akaja dada yangu.

Alikuwa hajamwona Bosi kwa miezi minne. Aliingia, akaweka mkoba chini, akamwita. Bosi alitikisa mkia akiwa amelala, mara mbili, hakuinua kichwa. Mimi nikasema kwa furaha, "Unaona, amekutambua!" Dada alinitazama mimi, si mbwa.

Jioni nilimwonyesha daftari na kile kipimo. Hakubishana. Alichukua karatasi safi akaniomba nimsomee yale mambo saba moja moja, naye akampa Bosi alama zake, pale pale, mbwa amelala mbele yetu kwenye mkeka. Mimi wiki ile nilikuwa nimempa 41. Dada alimpa 24.

Nilikasirika. Nilimwambia hajui kitu, hakuwepo, hamjui huyu mbwa alivyo siku hizi. Naye akasema, "Ndiyo, mdogo wangu. Siku hizi simjui."

Nikapitia alama zangu kwa hasira nikitaka kumwonyesha. Njaa nilikuwa nimempa 7, kwa sababu alikuwa anakula. Alikuwa anakula vijiko vinne nikimshikia kijiko. Mwezi uliotangulia, kwa vijiko vinne ningempa 3. Kutembea 6: alikuwa anafika mlangoni bila kuanguka nikimshika kwa taulo chini ya tumbo. Usafi 8, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa namwosha mara tatu kwa siku. Hizo zilikuwa alama zangu mimi. Nilikuwa najipa 8 ya kufua.

Kuna methali niliyokuwa naing'ang'ania miezi ile: mbwa hafi maji akiona ufuko. Kila alipoamka akanywa, kila alipoinua sikio, nilisema naam, ameuona ufuko. Sikuona kwamba ufuko wenyewe ulikuwa ukihama, na mimi ndiye niliyekuwa nauhamisha, kidogo kidogo, kila usiku, nikiusogeza hadi pale alipokuwa amefika.

Dada hakuishia hapo. Daktari alikuwa ameniomba pia niandike mambo matano yanayomfanya Bosi awe Bosi, nami nilikuwa nimeyabandika kwenye friji. Dada akasimama mbele ya friji akasoma kwa sauti: kulala juani, kulamba mkono, kutikisa mkia mtu akiingia, kukunwa sikio, kulishwa kwa kijiko.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Akachukua kalamu akaandika yake pembeni. Kuiba soksi za watu na kuzificha. Kumfukuza paka wa jirani bila nia yoyote ya kumkamata. Kuibwekea radi. Kunyang'anya kiti cha shemeji. Kutangulia njiani, kisha kugeuka kila hatua kumi kuona kama tunamfuata. Nilicheka, nikaanza kulia katikati ya kicheko. Yule ndiye alikuwa Bosi. Mimi nilikuwa nimeandika orodha ya mgonjwa na kuipa jina lake.

"Nitajie moja," dada akasema, "moja tu aliyoifanya tangu nilipoondoka."

Sikupata hata moja.

Tulikubaliana na daktari iwe Ijumaa jioni, nyumbani. Kuna usemi huko kwa madaktari wa wanyama, kwamba ni heri wiki moja mapema kuliko siku moja umechelewa. Ni kweli, lakini anayesema hivyo amesimama nje ya nyumba. Ndani ya nyumba, wiki moja mapema maana yake ni mbwa anayekutazama, anayekula vijiko vinne, na wewe unajua saa. Nafikiri hakuna siku iliyo sahihi. Kuna kipindi, kina ukingo huku na ukingo kule, na popote utakapoingilia utahisi umeingilia pabaya. Sisi tuliingilia karibu na ukingo wa mbali. Bosi alikaa kwenye maumivu siku ambazo hakustahili kukaa, labda wiki tatu, na hizo nazibeba mimi.

Pesa pia ilikuwemo. Siwezi kuandika haya yote nikajifanya hatukuhesabu gharama ya dripu na dawa usiku wa manane. Tulihesabu. Anayehesabu si mtu mbaya.

Mambo ya maneno yalitupa shida kuliko nilivyotazamia. Kwa Kiswahili hatuna neno moja tulivu la jambo hili. Wengine husema kumlaza, wengine kumpumzisha, wengine kumchoma sindano. Nilitaka kumwambia binti yangu kwamba Bosi atalazwa. Daktari akanizuia: mtoto akisikia mbwa amelazwa hakuamka, usiku wa leo unamwambia nini yeye mwenyewe unapomwambia akalale? Basi Jumatano nikamkalisha nikamwambia: Bosi anaumwa, hatapona, Ijumaa daktari atakuja kumpa dawa itakayomfanya afe bila kuumia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Aliuliza, "Saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja. Akasema yeye hutoka shule saa nane, kwa hiyo ana saa tatu. Akaenda kujaza bakuli.

Nililisahau jambo hilo mpaka baadaye, kwamba kila siku alikuwa na saa tatu. Mimi nilikuwa narudi kutoka kazini giza linaingia.

Ijumaa ilipofika, Bosi aliamka mzima. Najua si kuwa mzima, lakini ndivyo ilivyoonekana. Alisimama peke yake. Alikunywa, akaenda mpaka mlangoni, akabweka mara moja kumbwekea mtu aliyekuwa akipita na baiskeli. Nilipiga simu kwa daktari mikono ikinitetemeka. Nikamwambia tuahirishe, amepata nguvu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mama, ungependa afe siku ya namna hii, au siku kama ile Jumanne?" Jumanne alikuwa amekesha akitapika povu. Nikakaa kimya muda mrefu, naye akaningoja.

Saa kumi na moja alipoingia na mkoba wake, Bosi alimtikisia mkia. Miezi yote ile alimfahamu kama mtu mwenye vipande vya nyama mfukoni. Mtu akikuambia ulimsaliti mbwa wako, mwambie unajua, ulikuwepo mkia ulipotikisika.

Nitaeleza inavyokwenda, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa nisichokijua. Kwanza alimchoma sindano ya usingizi kwenye msuli. Tulimweka kichwa mapajani mwangu, binti yangu ameshika sikio, mume wangu amekaa sakafuni mbele ya kiti chake. Dakika kumi hivi pumzi ikazidi kuwa nzito, akaanza kukoroma, kale kakoromo kake ka zamani ambako tangu maumivu yaanze kalikuwa kamepotea. Kisha daktari akanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akapata mshipa, akauliza kama tuko tayari. Hakuna aliyejibu; mume wangu aliinamisha kichwa. Dawa inaitwa pentobabitali. Ni dawa ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa mno: fahamu hutoka kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Ilichukua chini ya dakika mbili. Macho hayafumbi, usishtuke. Huenda mwili ukavuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama, au msuli ukacheza, au mkojo ukatoka. Daktari alikuwa ametuambia yote kabla, na ilisaidia, hasa ile pumzi. Aliweka kifaa chake kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani, akasema, "Amekwenda."

Shimo lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi, refu sana, kwa maagizo yake. Dawa ile inabaki mwilini, na mnyama mwingine akifukua akala, naye hufa.

Binti yangu hakulia mpaka Jumapili. Mume wangu alihamia kwenye kochi. Kile kiti hakuna aliyekikalia.

Wiki tatu baadaye niliamua kuzitoa zile chupa. Nilizimwaga mezani, kila moja upande wake, nikazihesabu, sijui kwa nini. Zilikuwa kokoto 61, na siku zilikuwa 61, sawa. Siku njema 36, siku mbaya 25. Nikafungua daftari ili nione zile 25, nikahesabu mara mbili. Katika daftari, kwa mwandiko wangu, siku mbaya zilikuwa 34.

Nikakumbuka kigoda.

Nilimwita. Alikuja akaona kokoto mezani, akasimama. Sikugomba. Nilimwuliza tu kama alikuwa akizihamisha ili tusimwite daktari. Alitikisa kichwa, amekerwa hasa, kama mtu aliyesingiziwa wizi.

"Hizo hazikuwa mbaya," akasema. "Wewe ulikuwa unarudi jioni, yeye kashachoka."

Akazitenga tisa kwa kidole, ingawa kokoto zote zinafanana, akaanza kuniambia. Hii alilala na tumbo juu. Hii paka alipita ukutani, naye akasimama. Hii ni ile aliyoanguka mara mbili, ndiyo, asubuhi. Lakini mchana aliiba soksi.

"Soksi gani?"

"Yangu. Ya shule. Aliibeba polepole, nikajifanya sioni."

Nilikaa. Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ungemnyang'anya."

Nikamwuliza iko wapi sasa. Alizikusanya zile tisa mkononi, akafikiri kidogo, akasema hilo la Bosi, si la kwake kulitoa.